Guru Dutt: Aliipanua Picha, Video Ikaipunguza

Wapenzi wa sinema za Kihindi katika pwani yetu, toka Vanga hadi Kiunga, hawana haja ya kuelezwa Guru Dutt alikuwa nani. Walio wazee wanaikumbuka sura yake ya majonzi, na walio vijana wamezisikia nyimbo za filamu zake zikipigwa majumbani bila ya kujua zimetoka wapi. Lakini liko jambo moja ambalo wengi waliomjua kwa njia ya kanda za video hawakulitambua. Filamu yake aliyoitolea jasho kuliko zote, Kaagaz Ke Phool ya mwaka 1959, haikutengenezwa kwa umbo la kioo cha televisheni. Mtu aliyeitazama katika kanda iliyokatwa ili ijaze kioo hicho aliitazama toka mwanzo hadi mwisho, akacheka na akalia, na huku karibu nusu ya picha haikuwa mbele ya macho yake.

Bwana huyu alizaliwa tarehe 9 Julai 1925 katika mji wa Bangalore, kusini mwa India, akapewa jina la Vasanth Kumar Shivashankar Padukone. Utotoni alipatwa na ajali, na wazee wake wakambadilisha jina wakamwita Gurudutt kwa kutaraji kwamba jina jipya lingemletea heri. Jambo hilo si geni kwetu. Hapa pwani pia, mtoto akiugua mara kwa mara, hutokea wazee wakasema jina halikumpenda.

Ingawa asili yake ilikuwa kusini, alikulia Calcutta, upande wa Bengal, akakisema Kibengali kama mwenyeji. Ndiyo sababu hata leo wako watu wanaoapa kwamba alikuwa Mbengali. Nyumbani hapakuwa na mali. Baba yake alikuwa mtu wa kazi za ofisini, mama yake alisomesha na pia aliandika, na fedha za kumpeleka kijana chuoni hazikupatikana. Aliajiriwa katika kiwanda cha Lever Brothers kupokea simu, lakini kazi hiyo haikumkalia. Mwaka 1942 akaenda Almora, chini ya milima ya Himalaya, kwenye chuo cha ngoma cha Uday Shankar, mcheza ngoma aliyesifika Ulaya na Marekani. Alikaa huko hadi mwaka 1944, chuo kilipofungwa.

Miaka hiyo miwili si ya kupitwa upesi. Mcheza ngoma hujifunza kitu ambacho mwandishi wa hadithi hajifunzi: kwamba mahali mtu anaposimama ni maneno tosha. Akisimama katikati ya jukwaa ni habari moja, akisimama pembeni peke yake na nafasi tupu imemzunguka ni habari nyingine kabisa. Naamini Guru Dutt aliliokota jambo hilo Almora, na hakulitupa mpaka siku ya kufa.

Kutoka huko, kwa msaada wa mjomba wake, alipata mkataba wa miaka mitatu katika kampuni ya sinema ya Prabhat mjini Poona. Alifundisha ngoma, akawa msaidizi wa waelekezi, akaigiza sehemu ndogo ndogo. Hapo ndipo alipokutana na Dev Anand, na kisa cha kukutana kwao kinapendeza kusimuliwa. Dobi alibadilisha mashati yao. Vijana wawili wakaonana kazini, kila mmoja amevaa shati la mwenziwe, wakacheka na urafiki ukaanza. Waliwekeana ahadi: Dev akianzisha kampuni yake, Guru Dutt ndiye atakayeelekeza, na Guru Dutt akipata filamu ya kuelekeza, Dev ndiye atakayekuwa stelingi. Ahadi za ujana nyingi huenda na upepo, lakini hii ilitimia. Mwaka 1951 kampuni ya Navketan ya Dev Anand ilitoa Baazi, na mwelekezi alikuwa Guru Dutt.

Baazi ilimpatia watu watatu waliokuja kuwa nguzo za maisha yake. Wa kwanza ni Geeta Roy, mwimbaji aliyekuwa na jina kubwa kumshinda yeye wakati huo. Walijuana katika kurekodi nyimbo za filamu hiyo, wakaoana mwaka 1953, wakajaaliwa watoto watatu. Wa pili ni V. K. Murthy, kijana wa Mysore aliyekuwa msaidizi tu wa mpiga picha. Murthy alipendekeza namna ngumu ya kupiga tukio moja, akaruhusiwa kujaribu, akaweza. Na kuanzia filamu iliyofuata, Jaal ya mwaka 1952, kamera ikawa mikononi mwake. Wa tatu ni Badruddin Jamaluddin Kazi, Mwislamu wa Indore aliyekuwa kondakta wa basi mjini Bombay akiwachekesha abiria. Aliletwa mbele ya Guru Dutt akajifanya mlevi, na mwelekezi akaamini ni mlevi wa kweli. Akapewa kazi papo hapo, na jina likawa Johnny Walker, jina la pombe, ingawa mwenyewe alijulikana kuwa mtu asiyeonja. Wachekeshaji wengi wamepita tangu siku hizo, na bado sijamwona wa kukaa na kiti chake.

Filamu za mwanzo zilikuwa za mchangamko: Aar Paar mwaka 1954, Mr. & Mrs. '55 mwaka uliofuata, kisha C.I.D. ya mwaka 1956 ambayo aliitoa yeye na kuelekezwa na Raj Khosla. Katika C.I.D. watazamaji wa filamu za Kihindi walimwona kwa mara ya kwanza Waheeda Rehman, msichana wa Kiislamu kutoka kusini. Fedha ziliingia. Basi akaona sasa anaweza kutengeneza ile hadithi aliyokuwa nayo moyoni kwa miaka mingi, ya mshairi asiyesikilizwa na mtu.

Hiyo ndiyo Pyaasa, yaani Mwenye Kiu, ya mwaka 1957. Sehemu ya mshairi ilikuwa ya Dilip Kumar, ambaye jina lake la kuzaliwa ni Yusuf Khan, lakini siku ya kuanza kazi hakutokea, na Guru Dutt akaivaa mwenyewe. Mashairi yalitungwa na Sahir Ludhianvi, na maneno ya wahusika yaliandikwa na Abrar Alvi. Mshairi huyu, Vijay, anadhaniwa amekufa, na mara ndugu zake waliomfukuza wanapigania faida ya kitabu chake. Watu wamejaa ukumbini kumwomboleza. Ghafla mlango wa nyuma unafunguka, na maiti wao amesimama pale, mikono ameinyosha huku na huku akishika miimo ya mlango, nuru ikimjia kwa nyuma.

Litazame umbo la tukio hilo, msomaji. Mtu amesimama wima, mlango umesimama wima, na watu chini gizani. Pyaasa ilipigwa kwa umbo la zamani la sinema, ambapo kwa kila futi moja ya kimo upana ni futi moja na sehemu 37 katika 100 za futi. Ni umbo linalokaribia mraba. Linafaa uso wa mtu, linafaa mlango, linafaa ngazi. Televisheni ilipobuniwa ilichukua umbo hilohilo, kwa kiasi cha 4 kwa 3, kwa sababu ndilo lililokuwa likitumika katika sinema. Hivyo Pyaasa ikiingia katika televisheni ya zamani ilienea bila taabu, kama mguu katika kiatu chake.

Wakati huo Marekani palikuwa na mtafaruku. Watu walikuwa wamenunua televisheni, wamekaa nyumbani, kumbi za sinema zinapwaya. Kampuni ya 20th Century-Fox ikatafuta kitu ambacho televisheni haiwezi, ikakipata kwa profesa mmoja wa Ufaransa, Henri Chrétien. Tangu miaka ya 1920 alikuwa ametengeneza lenzi inayobana picha ubavuni. Kamera inachukua mandhari pana, lenzi inaibana iingie katika ukanda wa kawaida, watu wakionekana wembamba kama milingoti. Kisha ukumbini lenzi nyingine inaikunjua na kila mtu anarudi mwili wake. Ufundi huo uliitwa CinemaScope, na filamu ya kwanza kutolewa nayo ilikuwa The Robe, Septemba 1953. Baada ya muda mfupi umbo lake lilitulia kwenye upana wa 2.35 kwa kimo cha 1. Kwa maneno mengine, ukumbi uliopandisha kitambaa cha futi 20 ulihitaji upana wa futi 47.

Guru Dutt akaitaka. Watu wa Bombay walidhani kitu kipana ni cha vita, majeshi, farasi na jangwa. Yeye alikitaka kwa hadithi ya mtu mmoja mpweke. Kaagaz Ke Phool, Maua ya Karatasi, ikawa filamu ya kwanza ya India kutengenezwa kwa CinemaScope, na ilipigwa bila rangi, nyeupe na nyeusi.

Hadithi yenyewe ni ya mwelekezi mashuhuri wa sinema, Suresh Sinha, aliyetengwa na mkewe na kuzuiwa asionane na binti yake. Usiku mmoja wa mvua anampa koti msichana maskini aliyejikinga chini ya mti. Msichana anakuja studio kulirudisha, anapita mbele ya kamera kwa bahati mbaya, na Suresh akiitazama picha hiyo baadaye anamwona nyota. Nyota inapanda, maneno ya watu yanaanza, binti anamwendea yule mwanamke na kumwomba ajiondoe. Anajiondoa. Baada ya hapo Suresh anaporomoka: pombe, filamu kuanguka, nyumba kuuzwa, mpaka siku moja asubuhi anakutwa amekufa katika kiti cha mwelekezi, ndani ya studio ileile iliyomtukuza.

Tukio kubwa la filamu ni ndani ya studio tupu. Mwanamume na mwanamke wamesimama mbalimbali, hawagusani, na nguzo ya nuru imeshuka toka juu katikati ya giza. Wimbo unaimbwa kwa sauti ya Geeta, mke wa Guru Dutt, ambaye sasa aliitwa Geeta Dutt. Murthy hakuipata nguzo ile ya nuru kwa taa. Alichukua vioo viwili vikubwa. Kimoja kikalipokea jua nje, kikalirusha kwa cha pili, na hicho kikalimimina ndani ya studio. Wakafukiza moshi kidogo ili mwali uonekane. Kama umewahi kuona jua la asubuhi likipenya dirisha la juu la nyumba ya mawe huku jikoni kunafuka moshi, basi umeuona mwali ule. Kwa kazi hiyo Murthy alipewa tuzo ya Filmfare, na baadaye sana akawa mpiga picha wa kwanza kutunukiwa tuzo ya Dadasaheb Phalke, heshima kubwa kupita zote katika sinema ya India, ile ya mwaka 2008.

Katika tukio hilo kinachozungumza ni nafasi. Baina ya watu wawili pana uwanja mzima wa sakafu tupu, na kila mmoja ana giza lake nyuma yake. Upweke umepimwa kwa upana. Mwelekezi mwingine angelisogeza kamera karibu na machozi. Guru Dutt, aliyesifika kwa kupenda kusogea karibu na uso, hapo akarudi nyuma akaacha utupu ufanye kazi.

Filamu ilianguka vibaya. Watazamaji waliochekeshwa na Mr. & Mrs. '55 hawakuja kutazama mwelekezi akifa. Fedha nyingi zilipotea, na pigo lilimwingia Guru Dutt mpaka ndani. Alikuwa na umri wa miaka 34 tu, na tangu hapo hakuandikisha tena jina lake kama mwelekezi wa filamu yoyote. La ajabu ni kwamba mwaka huohuo wa 1959, tarehe 15 Septemba, televisheni ya kwanza ya India ilianza kurusha matangazo mjini Delhi, kwa majaribio. Yule adui ambaye picha pana ilibuniwa ili kumshinda alikuwa amebisha hodi.

Na kisasi chake kilikuja na video. Mashine za kanda zilipoenea katika miaka ya 1980, kanda za sinema za Kihindi ziliingia pwani hii kwa wingi, nyingi zikipitia Dubai, na sebule ikawa mshindani wa kumbi kama Regal na Naaz. Faida haikuwa ndogo. Akina mama ambao hawakupenda kwenda sinema usiku walitazama nyumbani kwa staha zao, na filamu za zamani zilizokwisha kupotea kumbini zikaonekana tena. Lakini filamu pana iliyotakiwa kuingia katika kioo cha 4 kwa 3 ilikuwa na njia tatu tu. Ya kwanza ni kuionyesha yote na kuacha mistari myeusi juu na chini. Ukifanya hivyo picha hubaki nzima, lakini hutumia kama asilimia 57 tu ya kimo cha kioo, na wateja walilalamika kwamba wamelipia televisheni nzima wakapewa nusu. Ya pili ni kuiacha imebanwa vilevile, watu wote wakawa wembamba na warefu. Wengi tuliona jambo hilo katika majina ya mwanzo ya filamu, kisha ghafla watu wakarudi wanene hadithi ilipoanza.

Njia ya tatu ndiyo iliyopendwa na wafanyabiashara: kujaza kioo na kutupa kilichozidi. Hesabu yake ni nyepesi. Picha ya upana wa 2.35 ikikatwa ibaki 1.33, kinachotupwa ni karibu asilimia 43. Wakati mwingine fundi alikaa kwenye mashine akachagua, tukio kwa tukio, upande gani ubaki, akiivuta picha kulia au kushoto kumfuata anayesema. Wakati mwingine hakuchagua mtu. Ilikatwa katikati na basi. Wahusika wawili waliosimama kila mmoja pembeni mwa picha waligeuka pua mbili zinazozungumza na ukuta. Ni sawa na kuchukua doti ya kanga ukakata pindo zote na jina, ukampelekea bibi mji peke yake. Kitambaa ni kilekile na rangi ni ileile, lakini hakuna mwanamke wa pwani atakayeipokea na kuiita kanga.

Sasa iweke hukumu hiyo juu ya tukio la nguzo ya nuru. Fundi anachagua nini? Akimchukua mwanamume, mwanamke hayupo. Akimchukua mwanamke, mwanamume anatoweka. Akiwarukia mmoja baada ya mwingine, basi ule umbali baina yao, ambao ndio hadithi yenyewe, haupo tena. Uchumi wa mtu na miaka yake vilikwenda katika upana ule, na huo ndio uliokatwa kwa mkasi. Mtazamaji wa kanda kama hiyo aliuliza, kwa haki kabisa, kwa nini filamu hii inasifiwa. Mimi simlaumu. Alipewa uso uliokatwa masikio akaambiwa huu ni uzuri.

Turudi kwa mwenyewe. Baada ya anguko hilo alihitaji filamu ya kuinua kampuni, akamwita M. Sadiq aelekeze Chaudhvin Ka Chand, iliyotoka mwaka 1960. Hapa pwani jina hilo halihitaji mkalimani. Sisi pia mwanamke mzuri tunamfananisha na mwezi wa kumi na nne. Hadithi ni ya Waislamu wa Lucknow, na fundo lake lote limefungwa kwa shela. Nawabu anauona uso wa msichana sokoni akarukwa na akili. Baadaye, kwa kubadilishana mavazi, anadhani msichana huyo ni mwingine. Na bila ya kujua anamwozesha rafiki yake Aslam yule yule anayemtafuta. Aslam ni Guru Dutt, Nawabu ni Rehman, rafiki wa siku za Poona. Aslam anapogundua siri hiyo anajaribu kujichafua mbele ya mkewe ili amchukie, kwa ajili ya rafiki. Watu wa mji wowote wenye mabuibui waliielewa filamu hiyo bila kufundishwa. Wimbo wenye jina la filamu, maneno ya Shakeel Badayuni na sauti ya Mohammed Rafi, ulimpatia Rafi tuzo, na tukio lake lilipigwa upya kwa rangi ingawa filamu ilikuwa nyeupe na nyeusi. Fedha zilirudi.

Mwaka 1962 ikafuata Sahib Bibi Aur Ghulam, na humo Meena Kumari, Mahjabeen Bano wa kuzaliwa, aliigiza mke wa tajiri anayejitia katika ulevi ili mumewe asitoke usiku. Jina la mwelekezi liliandikwa Abrar Alvi. Filamu ilikwenda kwenye tamasha la Berlin mwaka 1963, na Guru Dutt akaifuata.

Lakini nyumbani hapakukalika tena. Yeye na Geeta waliishi mbalimbali, na magazeti ya Bombay yaliandika mengi kuhusu sababu zake. Wawili hao wamekwisha kwenda mbele ya haki, na mambo ya ndani ya nyumba za watu hayana faida kwetu. Inatosha kusema kwamba halali usingizi, alikunywa, na alitumia dawa za kulala. Asubuhi ya tarehe 10 Oktoba 1964 alikutwa amekufa katika nyumba aliyopanga Pedder Road, Bombay. Pombe na dawa hizo vilikuwa vimekutana mwilini. Kama alikusudia au ni ajali, hata waliokuwa karibu naye hawakuafikiana, na hukumu hiyo si ya gazeti. Alikuwa na umri wa miaka 39. Geeta alimfuata mwaka 1972.

Aliacha kazi nusu nusu. Baharen Phir Bhi Aayengi ilimaliziwa na Dharmendra ikatoka mwaka 1966. Nyingine ni Love and God ya K. Asif, mtengenezaji wa Mughal-e-Azam, ambamo Guru Dutt alikuwa Qais, yaani Majnuni wa Laila. Sehemu yake ilipewa Sanjeev Kumar, naye akafa, na Asif mwenyewe alikuwa amekwisha kufa. Filamu ikatolewa mwaka 1986 ikiwa na viraka.

Katika miaka hiyo hiyo ya 1980 Kaagaz Ke Phool ilifufuka. Ilionyeshwa Ufaransa katika kumbi, kwa upana wake, na watu waliokuwa hawajapata kulisikia jina la Guru Dutt wakaanza kuliandika pamoja na wakubwa wa sinema duniani. Mwaka 1989 televisheni ya Channel 4 ya Uingereza ilirusha masimulizi ya maisha yake, kazi ya Nasreen Munni Kabir. Mwaka 2005 gazeti la Time la Marekani liliitaja Pyaasa kati ya filamu 100 bora za wakati wote. Na mwaka 2025, ilipotimia miaka 100 tangu azaliwe, baadhi ya filamu zake zilirudi katika kumbi za India zikiwa zimesafishwa na kutengenezwa upya.

Zama za kanda zilipokwisha na DVD zikaja, filamu pana zilianza kutolewa nzima, mistari myeusi juu na chini, na safari hii watu wakaizoea. Televisheni zenyewe nazo zimepanuka; kioo cha leo ni 16 kwa 9. Ukidhani basi tabu imekwisha, umekosea, kwa maana imehamia kwa ndugu wa pili. Sasa ni Pyaasa inayoumia. Kioo ni kipana kuliko filamu, na badala ya kuacha weusi pembeni, mtu wa stesheni, au aliyeipakia kwenye intaneti, anaivuta ijae. Akiivuta ubavuni, Waheeda Rehman ananenepa kwa asilimia 30 bila ya kula. Akiikata, karibu robo ya kimo inakwenda, juu na chini, na filamu ya nyuso na milango inabaki haina paji la uso wala kizingiti.

Dawa ya kukata hakuna, maana kilichokatwa kabla ya kurushwa hakirudi. Ni kutafuta nakala nyingine. Dawa ya kuvuta ipo mkononi mwako. Televisheni nyingi za siku hizi zina mahali pa kuchagua umbo la picha, na humo pameandikwa 4:3. Ibonyeze, weusi utaingia kulia na kushoto, na watoto watauliza kwa nini televisheni imepungua. Waambie wangoje tukio la ule ukumbi wa maombolezo, mlango unapofunguka na yule mtu amesimama na nuru yake, kizingiti chote, mikono yote miwili, na kichwa kiko mahali pake.